Jinsi Mwalimu Darubini Alivyopambanua Karoti Mwitu na Ndugu Yake Mwenye Sumu

Sogeeni, enyi wenye masikio! Nanyi mliokalia viti vya mbali, viburuteni, hata vikikwaruza sakafu. Nawasimulieni habari za asubuhi ile ambayo Mwalimu Darubini, simba wa ubao, sultani wa chaki, bingwa wa kuchora majani kwa rangi tatu, alijitosa vitani dhidi ya mzigo wa magugu, na magugu yakakaribia kumshinda.

Ijulikane kwanza ya kuwa shujaa wetu alikuwa amefundisha baiolojia miaka ishirini na miwili, na katika muda huo wote aliieleza jamaa ya karoti kwa ufasaha uliowalaza usingizi wanafunzi wa safu nne za mbele. Giligilani, shamari, jira na karoti yenyewe: watoto wa nyumba moja, wenye maua madogo madogo yaliyokusanyika juu ya vijiti kama mwavuli uliofunguliwa. Yote hayo aliyajua kitabuni. Porini hakuwa amekwenda, kwa sababu porini kuna umande.

Basi Jumamosi moja dada yake, fundi cherehani, akamtokea mlangoni na utepe wa kupimia shingoni, amekumbatia majani aliyoyakata kando ya mtaro.

"Kaka, hebu niangalizie. Hii ni karoti mwitu, au ni lile jani la sumu wanalolisema? Nataka kuwapa sungura."

Na sungura hao hawakuwa sungura hivi hivi. Walikuwa kumi na mmoja, uzao wa jozi aliyoiacha marehemu mama wa ndugu hawa wawili, na dada mtu aliwaita kila mmoja kwa jina.

Shujaa hakuinuka kitini. Alitupa jicho moja, nalo la pembeni, akanena: "Ewe binti wa mama yangu! Yafaa nini swali hilo mbele ya mtu aliyeyachora maua haya ubaoni hata mkono ukafa ganzi? Hiyo ni karoti mwitu. Nenda ukawalishe, na mashaka yakome!"

"Haya, asante," akasema dada, akaenda zake.

Alipobaki peke yake, shujaa akafungua kitabu, si kwa kutafuta jambo, bali kwa kujifurahisha na ukubwa wake. Akasoma: karoti mwitu, shina lenye vinyweleo; nduguye wa sumu, shina laini lenye madoa ya zambarau. Akajiuliza, je, lile shina lilikuwa na vinyweleo? Akatafuta kumbukumbuni kote. Alichokikuta huko ni utepe wa kupimia tu.

Akatoka mbio, mguu mmoja katika kiatu chake, wa pili katika ndara ya mkewe.

"Mwalimu, kuna moto?" akauliza kinyozi, wembe juu.

"Kuna ujinga!" akajibu shujaa bila kupunguza mwendo. "Na unakaa kwangu!"

Alimkuta dada akifungua mlango wa banda la sungura.

"Simama, ewe mlinzi wa wanyonge! Usi... usi..." Hotuba ikamfia kifuani kwa kukosa pumzi.

"Si umesema mwenyewe ni karoti?"

"Nilisema. Sikuangalia."

Maneno hayo mawili yalimtoka kwa uzito wa magunia mawili, maana hakuwahi kuyatamka tangu apate cheti.

Wakautandaza mzigo juu ya gunia kuukuu, na vita vikaanza, shina kwa shina. La kwanza lilikwaruza vidoleni. "Hili lina nywele kama miguu yako," akasema dada. Likawekwa kulia. La pili vivyo hivyo, na la kumi. La kumi na tano likateleza kama bomba, nalo lilikuwa na madoa ya zambarau kana kwamba limerashiwa wino. Shujaa akafikicha jani, akanusa, akapiga ukelele: "Panya!"

Dada akaruka juu ya kigoda. "Yuko wapi?"

"Harufu yake! Mkojo wa panya! Huyu ndiye adui!"

Wakawakamata maadui saba. Likabaki shina moja, changa, lisilo na nywele za kuonekana wala madoa ya kuapia. Ulimi ulimwasha shujaa kutoa hukumu. Akaligeuza, akaliinua juani, akalirudisha chini.

"Hili silijui," akasema.

Dada akayazoa majani yote, ya kulia na ya kushoto, akayatia kwenye mfuko wa taka. "Yaliyolala kitanda kimoja na sumu, mimi siwapi wanangu. Watakula nyasi. Nenda kanawe, na usishike uso." Shujaa alipokuwa akijisugua kwa sabuni ya kufulia, dada akaongeza: "Uzuri wako, kaka, unakosea haraka, lakini kurudi unarudi mbio zaidi."

Basi na iandikwe, vizazi vipokezane: siku hiyo, saa nne na robo asubuhi, Mwalimu Darubini aliangalia kabla ya kusema. Sungura, ambao hawakuarifiwa, waliendelea kutafuna nyasi zao za jana.