Mjane wa Silanga na Printa Iliyokwama

Leo nimejivua nguo mbele ya watu wa mtaa wa Silanga. (Si kihalisi. Tulieni.) Na wale mlionitumia rambirambi humu kwenye jukwaa la mtandaoni jana, nisameheni tangu sasa.

Mnajua tuko watatu kwenye duka letu la kutengeneza kompyuta na printa kuukuu hapa Kawangware. Mama Njoki ndiye mwenye chumba na laini ya simu. Ochieng', fundi, hutoka mtaa wa Laini Saba kila asubuhi. Mimi nina digrii na maneno mengi. Nimewaomba sana wenzangu wawe wanajibu maswali ya watu humu, ili duka lijulikane. Wapi!

"Nimsaidie mtu sijamwona? Nitajuaje hata ni mtu?" Mama Njoki huuliza.

Ochieng' naye: "Buda, mimi huongea na printa. Printa haina barua pepe."

Juzi wakanipa nafasi ya mwisho. Niwaletee swali moja. Lisipowagusa, modemu inang'olewa.

Nikatafuta swali la kugusa moyo. Sikulipata. Nikalitunga, na jana nikalibandika humu! "Mimi ni mjane wa Silanga. Mume wangu, Baba Zawadi, tunamzika Jumamosi, na printa imekwama kabla sijachapisha programu ya mazishi. Nisaidieni." (Hapo kwenye "nisaidieni" nusura nilie mwenyewe.)

Leo asubuhi nikawasomea. Mama Njoki akavua miwani, akapangusa macho. Nimeshinda! Nikamvutia kiti mbele ya kompyuta.

"Kiti cha nini?" akasema. "Mtu amefiwa unamwandikia na mashine? Unaenda kwake."

"Lakini Mama, tungemjibu tu kwanza..."

"Wewe kijana, hiyo chuo ilikufundisha roho gani?"

Haukupita muda, akina mama wa kanisa lake wakawa mlangoni na vitambaa kichwani, wamebeba sukari, majani chai na unga. Ochieng' akachomoa printa yetu nzuri akanibebesha. Tukaenda matanga.

Njia nzima nilitafuta mahali pa kusema ukweli. Kila nikifungua mdomo, wanaanzisha pambio lingine.

Tulipofika Silanga, Mama Njoki akamuuliza muuza makaa: "Kwa Baba Zawadi ni wapi?"

Nikapumua. Atasema hamjui, tutarudi, yataisha.

"Ule mlango wa bluu."

Jamani! Kumbe yupo!

Wimbo wa maombolezo ukaanza. Mwanamke akatoka na mwiko mkononi. Mama Njoki akamkumbatia.

"Pole, mama. Mungu amempenda zaidi."

"Amempenda nani?"

"Baba Zawadi."

Mwiko ukaanguka. Yule mama akapiga nduru iliyofika hadi kwenye bwawa la chini ya mtaa, na kandokando ya bwawa hilo ndiko mumewe alikokuwa ameenda kulima. Majirani wakafurika. Walioanza kulia hawakujua hata wanalia nini.

Ndipo sauti ikatoka nyuma yetu: "Nani amekufa kwangu?"

Mwanamume. Mzigo wa sukuma wiki begani.

"Wewe ni nani?" akauliza Ochieng'.

"Baba Zawadi."

"Yawa! Basi ni wewe."

Macho yote yakanigeukia, mimi na printa yangu. Nikakiri hapo hapo, mtaa mzima ukisikiliza: mjane nilimtunga, mazishi niliyatunga, na jina nililiokota hewani. (Hewa ya Silanga, inaonekana.)

Mama Njoki akainamisha kichwa, mabega yakimtetemeka. Nikadhani analia. Anacheka! Mama Zawadi naye akacheka, baada ya kunichapa mgongoni na mwiko. Baba Zawadi akatangaza kwamba sukari haitoki kwake, marehemu anataka chai. Tukainywa sote, na akina mama wakageuza wimbo kuwa wa shukrani.

Ochieng' akanisogelea na kikombe. "Na hao waliotuma pole jana, ni watu kweli?"

"Ni watu. Kuna wa Mombasa hata alieleza namna ya kuitoa karatasi iliyokwama."

"Alisemaje?"

"Uivute kwa nguvu."

"Kwa nguvu?" Akaweka kikombe chini. "Huyo ataharibia watu mashine! Twende, lazima nimwambie."

Basi kuanzia jioni hii wenzangu wote wawili wako humu. Kwa hiyo nawasihi, mkicheka, msiandike. Mama Njoki anasoma kila kitu kwa sauti, na akina mama wa kanisa bado hawajaenda nyumbani.