Vipuri vya Kumstaafisha Mzee

Jumatatu, 3 Novemba

Mzee ameganda tena. Dakika ya sabini na moja, niko mbele bao moja, picha ikasimama. Iliporudi, Okedi wa Tororo alikuwa ameshafunga mawili na anacheza ngoma kwenye kona.

Mzee ni kompyuta yangu ya kuchezea gemu ya soka. Ina miaka tisa. Feni yake inanguruma kushinda kinu, na kinu changu cha posho husikika hadi foleni ya malori mpakani.

Si mimi niliyefungwa. Ni Mzee. Iandikwe hivyo.

Timu ya Busia haioni hivyo. Valarie, muuguzi wa zahanati, ambaye mwaka jana hakujua hata kitufe cha pasi, ameandika kwenye kundi letu la simu kwamba kapteni akipoteza mechi nne mfululizo apewe mpinzani. Watu wakaweka vidole gumba. Okoth wa duka la dawa aliweka vitatu. Nitacheza na Valarie Jumamosi saa tisa. Mshindi ndiye ataongoza timu mwezi wa Desemba dhidi ya Tororo.

Nimekuwa kapteni miaka mitatu. Sokoni wananiita hivyo, Kapteni, hata mama mboga. Bila jina hilo mimi ni yule bwana mwenye nyusi nyeupe anayesaga mahindi. Naogopa. Nalisema hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesoma.

Uamuzi: kompyuta mpya ya gemu kabla ya Jumamosi. Nimefuta unga kwenye skrini kwa mkono wa shati, nikaanza orodha ya vipuri.

Jumanne, 4 Novemba

Orodha imebadilika mara saba. Prosesa hii, hapana, ile. RAM kumi na sita, hapana, thelathini na mbili. Sijakaa kitini tangu alfajiri. Leonida, mke wangu, ameuliza kama nasikia wateja wakiita. Nawasikia. Wangoje.

Mpango wa kwanza. Wauzaji wa vipuri ni wawili: Elvis, hapa Busia upande wetu, na Ikwap, kule Tororo, ng'ambo ya mpaka. Nilimwambia Elvis kwamba Ikwap ana bei nafuu. Nikampigia Ikwap, nikamwambia Elvis ni nafuu zaidi. Wote wawili wakashuka. Halafu ndipo nikafanya la kijanja zaidi: nanunua nusu kwa huyu na nusu kwa yule, ili asiwepo anayejua mahitaji yangu yote.

Elvis aliuliza prosesa aliyoniuzia itakaa kwenye madabodi gani, yaani ile bodi kubwa ambamo kila kitu huchomekwa. Nikamjibu ni siri ya biashara. Ikwap naye akauliza madabodi yake itabeba prosesa gani. "Bosi, wewe sema tu, mimi nataka saidia wewe," alisema. Sikusema. Walaghai wote huanza kwa kutaka kusaidia.

Mpango wa pili ni mtamu kuliko wa kwanza. Valarie hana kompyuta. Huchezea ya kaka yake, na kaka yake amehamia Malaba nayo. Nimemwandikia kwa upole kwamba nina Mzee, namwachia kwa bei ya kirafiki. Alishukuru hadi nikaona haya. Haya zenyewe ziliisha kabla ya chai.

Jumamosi, dakika ya sabini na moja, Mzee ataganda. Safari hii upande wa pili.

Jumatano, 5 Novemba

Valarie alikuja asubuhi, akamfunga Mzee nyuma ya boda boda kwa mpira, akaniita ndugu. Nilimpungia mkono hadi akapotea.

Kisha Tororo, kuchukua madabodi na kadi ya grafiksi. Nilirudi nusu ya njia nikakumbuka nimeacha kadi kwenye kaunta ya Ikwap. Tororo tena.

Leonida alikuwa amenishauri nitangaze tu vitu vyangu mpakani, niandikiwe, nipite. Hiyo ni njia ya watu wasio na akili ya ziada. Madabodi niliificha chini ya koti. Kadi ilihitaji ufundi. Nilinunua unga wa mahindi kilo kumi nikaizika humo ndani.

Mpakani zamu ilikuwa ya afisa Marion, ambaye mama yake husagia kwangu kila Ijumaa. Mbele yangu kuna kijana alikuwa amebeba kompyuta nzima mikononi. Akaandikiwa, akapita. Mimi nikasimamishwa. Kumbe kinachokaguliwa sana siku hizi ni unga, kwa sababu ya kuvu.

Marion aliutazama mfuko, akanitazama mimi. "Kapteni, si wewe una kinu? Unga wa Tororo wa nini?"

Nikasema ni wa kulinganisha.

Akatia chuma chake cha kuchukulia sampuli. Kikagonga. Akauliza, bila kucheka, kama unga wa siku hizi una mifupa. Baada ya hapo nilifungua koti mwenyewe.

Kadi na madabodi viliandikwa, vikapita kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kufunga viatu. Unga umebaki kwa uchunguzi. Kadi ilitoka nyeupe hadi kwenye matundu ya feni. Nimeipangusa. Unga haudhuru chuma.

Alhamisi, 6 Novemba

Prosesa ya Elvis ina miguu. Madabodi ya Ikwap inataka isiyo na miguu.

Nilijaribu kwa kidole gumba. Nilijaribu kwa vidole gumba viwili. Sasa miguu sita imepinda.

Nilimpigia Elvis kumshtaki Ikwap. Nikampigia Ikwap kumshtaki Elvis. Katikati ya maneno yangu nikasikia sauti ya Elvis palepale ndani ya simu ya Ikwap, akiomba chumvi. Walikuwa mezani. Elvis amemwoa Akwi, dada yake Ikwap! Miaka minne sasa, na kanisani, na mimi nilialikwa nikala wali. Ile bei waliyonishushia ndiyo bei yao ya kila siku. Tangu Jumanne wamekuwa wakisimuliana maneno yangu.

Ikwap alisema nisijali, kesho atakuja na madabodi inayofaa, na miguu ataninyooshea. Hakuonyesha kinyongo. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Nimezunguka kinu mara nyingi sana jioni hii. Leonida amesema nikizunguka tena nishike ufagio.

Ijumaa, 7 Novemba

Ikwap amefika, amefunga kila kitu, inafanya kazi. Taa za bluu ndani! Picha laini. Nyasi za uwanja zinaonekana moja moja. Nilisimama nikazitazama tu.

Alipiga chafya tangu saa nne hadi saa sita. Mwishoni akauliza mashine hii itakaa wapi. Nikamwonyesha pale pale pa Mzee, kwenye meza ndogo kando ya mkanda wa kinu, kwa sababu mkanda ukizunguka unapuliza upepo na kompyuta inapenda ubaridi.

"Hapa iko na unga mingi, bosi," alisema.

Nikamjibu kwamba ni kinu.

Akauliza kama Mzee pia alikaa hapo. Nikasema ndiyo, miaka yote tisa. Ikwap akatazama meza, akatazama mkanda, akanitazama kwa huruma fulani. Wivu una sura nyingi.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimefungwa nne kwa moja.

Nitaeleza kwa utulivu. Nilizima kinu. Watu wakajaa mlangoni, magunia yao yakiwa viti. Mashine mpya haikukwama hata mara moja. Nusu ya kwanza tulikuwa sare, bao moja kwa moja. Sikuwa na shida, nilikuwa nangoja dakika yangu. Ilipofika sabini niliweka vidhibiti vya kuchezea mezani, nikakunja mikono, nikawageukia watu nikawaambia watazame vizuri.

Sabini na moja ikapita. Mzee hakuganda. Valarie, kule zahanati, alifunga mawili nikiwa bado nimekunja mikono, na la tatu nikitafuta vidhibiti.

Baadaye aliandika kwenye kundi. Kwamba Mzee alipofika kwake alikuwa mzito, akampeleka kwa fundi wa pancha, wakamfungua na kumpuliza kwa ile hewa ya matairi. Unga uliotoka fundi alisema unatosha sahani mbili za ugali. Tangu hapo Mzee yuko kimya na haendi polepole. Akamalizia kwa kunishukuru kwa moyo wangu mzuri.

Marion wa mpakani, kumbe naye yumo kundini, akauliza kama huo unga nao ulikuwa wa kulinganisha.

Mama mboga amenisalimu jioni. Ameniita Baba Daphine, si Kapteni. Nilikwenda nyuma ya magunia nikalia kidogo. Leonida alinikuta, akakaa karibu nami, bega kwa bega, hadi nikapumua sawasawa. Kisha akaenda kuwasha kinu, maana watu walikuwa wanangoja tangu saa nane.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nafikiri, na nimefika kwenye ukweli.

Tazama. Mashine mpya imecheza mara moja, imeshindwa. Mzee amecheza akiwa kwa Valarie, ameshinda. Basi mshindi ni Mzee. Nilimuuza bingwa kwa mikono yangu mwenyewe, na anayevaa ukapteni ni yule anayemmiliki.

Nilimwahi Valarie nje baada ya ibada. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu asiyejali, kwamba namkumbuka Mzee, mambo ya mazoea, naye akipenda tubadilishane: yeye achukue mpya, mimi nirudishiwe mkongwe. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Maskini Valarie, hajui kabisa mambo ya kompyuta.

Leonida alisikia yote. Alivua kiatu, akakikung'uta mawe ambayo hayakuwemo, akakivaa tena.

Jumatatu, 17 Novemba

Wiki moja na Mzee. Nimemrudisha mahali pake, kando ya mkanda, na safari hii nimemwondolea kifuniko cha ubavuni ili upepo wa kinu uingie vizuri hadi ndani. Mahindi mapya yameanza kuletwa, kinu hakizimwi mchana kutwa. Ubaridi ni wa kutosha. Siku nne za kwanza alikimbia kweli, na nikamwandikia Okedi ajiandae, nitaomba mechi ya marudiano ya ukapteni kabla ya Desemba.

Leo ameganda. Dakika ya sitini na nane.

Valarie amemharibu. Ile hewa ya matairi si hewa ya kupuliza kompyuta, mtu yeyote angejua. Nimepangusa skrini kwa mkono wa shati nikaanza orodha upya. Elvis nitamwambia Ikwap ana bei nafuu.