Tundu Moja Tu Chini ya Boti

Jumapili, 8 Machi

Shemeji kaondoka asubuhi kwenda semina ya kazini kwake. Anarudi Ijumaa jioni. Nimemsindikiza mpaka kwenye gari na begi nimembebea mimi. Mke wangu kanitazama. Anasema tangu nimuoe hajawahi kuniona nikimbebea mdogo wake hata mwavuli.

Nina sababu. Boti ni yetu wawili, mimi na shemeji. Boti ya faiba, urefu mita sita, mashine moja nyuma. Kila Jumamosi ya pili ya mwezi tunampeleka baba mkwe ng'ambo kumwona dada yake. Mwezi uliopita usukani nilishika mimi. Nikaipandisha boti juu ya fungu la mchanga, mchana kweupe, maji yametulia kama ya kwenye beseni. Baba mkwe ikabidi ashuke ili boti iwe nyepesi. Kiatu chake cha kushoto kikaenda na maji. Tangu siku hiyo shemeji ananiita Nahodha wa Nchi Kavu, na usukani kauchukua yeye.

Baba mkwe ni mtu wa haki. Kasema Jumamosi hii nitajaribiwa mara moja, ya mwisho. Nikifika ng'ambo bila kugusa mchanga, tutapokezana usukani kama zamani. Nikigusa, niwe abiria mpaka mmoja wetu azikwe.

Shemeji anapima kina kwa upondo, mti mrefu aliouchora mistari ya rangi. Anasimama puani mwa boti na kuuchovya majini kila baada ya hatua chache, uso umekunjamana kama daktari. Mimi nimeagiza kipima kina cha umeme. Kinatuma sauti chini, sauti inagonga mchanga na kurudi, skrini inakupa mita. Shida ni moja. Lazima utoboe tundu chini ya boti, kidude kikae humo, kikigusa maji. Shemeji alishasema boti haitobolewi. Alisema mara tatu. Mara ya tatu alisema akiwa amesimama.

Ndiyo maana nimembebea begi.

Jumatatu, 9 Machi

Yadi ya boti, saa mbili asubuhi. Boti iko juu ya trela. Nimesoma kijitabu cha maelekezo chote, pamoja na kurasa za lugha nisiyoijua, kwa ajili ya picha. Mahali panapofaa: nyuma, lakini mbele ya mashine, pembeni kidogo mwa mkuku, yaani ule uti wa mgongo wa chini, maji yapite pale bila povu, na kwa ndani mkono uweze kufika kukaza nati. Kwenye boti yetu pana mahali pamoja tu pa namna hiyo. Nimepaona. Nimepapigia alama ya chaki kwa ndani na kupapenda.

Fundi wa faiba, ambaye karakana yake inatazamana na trela letu, kaja na kikombe cha chai kuangalia. Kauliza kama nataka msaada. Nikasema hapana, ahsante. Mwaka jana nilipopaka boti rangi alikuja hivyo hivyo, na mpaka leo watu wa yadi wananiuliza kama nina rangi ya kutosha usoni.

Hakuondoka. Kasema nikumbuke kitu kimoja: kidude kile kinasoma kina cha pale kilipo. "Kiko nyuma, bosi wangu, kinasoma nyuma. Pua ya boti hakiijui." Nikamwambia nimesoma kijitabu. Akasema kijitabu hakijawahi kukwama.

Mafundi wanapenda kuongea.

Jumanne, 10 Machi

Leo ndiyo siku yenyewe. Mpango wangu ulikuwa mzuri na bado nautetea.

Alama iko ndani, drili nataka kuanzia nje ili uso wa nje usibanduke. Nitajuaje nje pale palipo na alama ndani? Kwa kugonga. Mke wangu akae ndani na kijiko, agonge kwenye alama. Mimi nimelala chali chini ya boti, nasikiliza, nagonga kumjibu, mpaka milio yetu ikutane. Mke wangu akauliza kwa nini nisitoboe kwanza kijitundu chembamba kutokea ndani, palepale kwenye chaki, kisha nikifuate kwa nje. Nikamweleza kwamba kijitundu kutoka ndani ni njia ya watu wasiojiamini. Nimekuja kuona jioni kwamba kijitabu kinashauri hivyo hivyo, ukurasa wa tisa. Nilikuwa nimeuruka kwa sababu haukuwa na picha.

Tulianza vizuri. Ngo ngo, ngo ngo. Kisha jua likamfikia. Akahama, akaenda kukaa juu ya kisanduku cha majaketi, kwenye kivuli. Mimi chini sijui. Nagonga, ananijibu. Kila ninapogonga ananijibu, kwa adabu kabisa, kutoka pale alipokaa. Nikaufuata mlio. Nikaweka alama. Nikatoboa.

Drili ikazama vizuri mno. Kisha ikaanza kuzunguka kwa uzito, kama inasonga ugali. Nikaichomoa. Imekuja na nyuzi za manjano.

Lilikuwa koti la mvua la shemeji. Analihifadhi kwenye kisanduku kile, limekunjwa vizuri. Ndilo koti analovaa akishika usukani, hata siku ya jua.

Mke wangu kachungulia tundu kutoka ndani, nami natazama kutoka nje. Tulionana jicho kwa jicho. Kasema alidhani nilikuwa namuuliza kama bado yupo.

Jumatano, 11 Machi

Nimemwendea fundi wa faiba. Nilimkuta ameshaandaa resini, ile gundi ya faiba. Kasema jana alisikia mlio wa drili, kisha ukimya, akajua.

Ametengeneza kazi safi, hilo nitamsifia hata kama simpendi. Kalisugua tundu pembeni likawa kama kisahani, kaweka kitambaa cha faiba kipande juu ya kipande, kikubwa kisha kidogo, resini kila safu, halafu rangi, nje na ndani ya kisanduku. Ukipitisha kiganja hupasikii. Malipo hakutaka. Anachotaka ni kuruhusiwa kuwasimulia wenzake. Nikamwomba asubiri mpaka shemeji aondoke tena. Akasema hadithi ya namna hii ikikaa siku tatu inaharibika. Tumepatana aisimulie bila kutaja jina. Saa saba mchana, mlinzi wa geti, ambaye hajawahi kunisalimia, kaniuliza koti linaendeleaje.

Koti linaendelea vizuri. Mke wangu kashona kiraka juu ya tundu, na kwa kuwa kiraka kitupu kingeonekana, kakiachia mdomo juu kiwe mfuko. Sasa koti la shemeji lina mfuko mgongoni.

Alasiri nimetoboa upya. Kijitundu chembamba kutoka ndani, kwenye chaki. Kisha nje, kwa msumeno wa duara. Fundi alisimama nyuma yangu bila kusema neno, na hilo lilinisumbua kuliko maneno. Duara la faiba likadondoka mkononi mwangu, jeupe, zuri kama biskuti. Nimeliweka mfukoni.

Alhamisi, 12 Machi

Nimekipachika. Chini ya boti pana mteremko, kwa hiyo kidude hakiwezi kukaa wima bila kitako cha kukisawazisha. Nimekata kitako, nikakisugua mpaka kikakaa. Mara ya nne. Vile vitako vitatu vya mwanzo mke wangu anavitumia kuzuia milango isijifunge.

Gundi ya kuzibia maji nimeipaka kote: kwenye shina la kidude, kwenye kitako, ukingoni mwa tundu, kwenye kiwiko na sikioni. Waya kwanza, kisha kidude chenyewe, mshale wake ukielekea mbele. Ndani nikakaza nati kwa mkono tu. Fundi kanionya kwamba nikitumia spana nitapasua shina, maana ni plastiki. Nilikuwa nimeshaishika spana. Nikaiweka chini kana kwamba nilikuwa naihamisha.

Gundi inahitaji siku nzima kukauka. Nimeigusa kila saa kuhakikisha. Ina alama za vidole vyangu kumi.

Ijumaa, 13 Machi

Boti majini. Nimelala kifudifudi sakafuni, tochi mkononi, nimeitazama nati kwa dakika arobaini. Hakuna tone. Nikatazama pale palipokuwa na tundu la kwanza. Hakuna tone. Nikawasha skrini. Ikafikiri. Kisha ikaandika: 2.3.

Nilimpigia mke wangu simu. Nikamwambia mbili nukta tatu. Akauliza mbili nukta tatu ya nini. Nikamsomea tena: mbili nukta tatu.

Shemeji karudi saa kumi na mbili. Nimempokea begi. Katushukuru wote, kisha kauliza nimefanya nini.

Jumamosi, 14 Machi

Baba mkwe kafika bandarini amevaa kandambili. Viatu kavitia kwenye mfuko wa plastiki, kaufunga fundo. Suruali kaikunja mpaka juu ya vigimbi. Nikamwambia, baba, leo hakuna haja. Kasema anajua, mwanangu, anapunga hewa miguuni tu.

Shemeji kaiona skrini kabla hajaketi. Kauliza waya unatokea wapi. Nikamjibu unatokea chini. Kauliza chini wapi. Nikawasha mashine. Akavaa koti lake, akajipapasa mgongoni, akamuuliza dada yake ni nani duniani anayeweka pesa mgongoni. Mke wangu kasema ni mtindo mpya.

Nimeendesha vizuri. Nimeandika hapa ili ikumbukwe. Nilikuwa nawatangazia: tatu nukta moja. Mbili nukta nane. Tatu. Baba mkwe alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Shemeji kasimama puani na upondo wake, anachovya, ananuna.

Tulipokaribia lile fungu la mchanga, shemeji kaanza kusema mstari mwekundu. Kisha mstari wa njano. Kisha akageuka, akasema, "Shemeji, kina kinaisha." Nikamwonyesha skrini. Mbili nukta mbili. Akasema upondo umegusa. Nikamwambia upondo umechoka, umri umekwenda. Mke wangu kacheka. Nilifurahi kwamba kacheka. Nikaongeza mwendo kidogo, ili jambo liishe.

Boti ikanyanyua pua kwa upole, kama mtu anayeitwa jina, na kusimama.

Skrini ikaandika 1.6. Ikabaki hapo. Fungu lile lina ukingo kama wa ngazi: pua ilikuwa imeshapanda ngazi, nyuma bado tuko sebuleni.

Baba mkwe alikuwa ameshashuka, mfuko wa viatu mkononi. Alisimama mbele ya pua, akatazama miguu yake, akaniuliza kwa upole mashine inasema mita ngapi. Nikamjibu moja nukta sita, baba. Akasema, "Huku kwangu hata magoti hayajafika."

Tulisukuma. Shemeji hakuniita jina lolote. Alishika usukani mpaka ng'ambo, na kurudi. Nilikaa nyuma nikitazama nati. Hakuna tone.

Jumapili, 15 Machi

Hukumu imetoka baada ya chakula cha mchana. Usukani ni wa shemeji. Mimi abiria. Baba mkwe kanishika bega na kusema anayenipa adhabu ni mchanga, si yeye. Shemeji kaligundua tundu. Aliligusa, akasema hata hivyo limekaa vizuri. Kisha akapitisha kiganja kisandukuni, akauliza kwa nini rangi ya pale ni mpya. Mke wangu kaomba tule matunda.

Nimekaa peke yangu jioni hii nikilifikiria jambo bila hasira. Kidude kilifanya kazi. Kila nambari ilikuwa ya kweli. Fundi alisema kinasoma nyuma, na nyuma kilisoma bila kosa. Kwa hiyo kosa si langu wala la kidude. Kosa ni la mahali. Kinachotakiwa ni cha pili, puani. Viwili vikisoma pamoja, hata baba mkwe hatakuwa na la kusema, na usukani utarudi wenyewe.

Ni tundu moja tu. Ile biskuti ya faiba bado ninayo mfukoni, kipimo ninacho. Shemeji ana semina nyingine kuanzia kesho mpaka Jumatano. Nimeshamwambia nitambebea begi.

Nimemwomba mke wangu kijiko. Kaniuliza mara hii akae wapi. Nikamwambia popote penye kivuli, nitausikia mlio.