Kinga ya Cherehani Yangu

Jumatatu, 4 Mei

Leo nimetupiwa jicho. Nimelichunguza jambo hili tangu asubuhi na sina shaka tena.

Ilikuwa hivi. Nashona suruali ya mwalimu, mlango wazi, cherehani inakwenda. Mama Pindo akavuka barabara. Huyu ndiye fundi mwenzangu wa upande wa pili. Watu wamempa jina hilo kwa sababu ya mapindo yake, ambayo wanasema hayaonekani hata ukivaa miwani. Mimi nayaona. Akasimama mlangoni, akaisifu cherehani yangu. Mzee huyu bado anachapa kazi, akasema, hata ile mpya yangu haimfikii. Akacheka, akaenda zake. Hakusema Mungu aibariki! Kusifu kitu cha mtu bila kumtaja Mungu si sifa, ni kombora.

Hata nusu saa haikupita, uzi ukakatika. Nikautunga, ukakatika tena. Hivyo mpaka jioni.

Na wiki hii ndiyo wiki yenyewe. Jumapili Kitinda, binti yetu wa mwisho, anapokea Komunyo ya Kwanza. Gauni lake nalishona mimi, kutokana na gauni la harusi la mama yake. Mke wangu alilitoa sandukuni mwenyewe, akaliweka mezani kwangu, akasema ananikabidhi kwa sababu mimi ni baba wa mtoto, si kwa sababu mimi ni fundi. Sikuuliza maana yake. Kitinda amewatangazia wenzake wote wa katekisimu kwamba baba ndiye anayeshona. Siwezi kumwangusha mtoto yule.

Nimemweleza mke wangu habari za jicho. Akaniuliza cherehani niliitia mafuta lini mara ya mwisho. Mwanamke huyu mambo ya kiroho hayaoni kabisa.

Jumanne, 5 Mei

Nimechukua hatua. Nimeamkia kanisani na galoni.

Pipa la maji ya baraka liko kando ya sakristia, lina koki, na waumini huja na vichupa. Sioni kwa nini mtu mwenye tatizo kubwa aje na kichupa. Galoni ilikuwa karibu kujaa Padre alipotokea. Tumsifu Yesu Kristo, nikasema. Milele amina, akasema, akaitazama galoni, akauliza kama nyumba inaungua. Nikamweleza kwa kifupi: cherehani, jirani, jicho, uzi. Alinisikiliza vizuri tu. Kisha akasema kwa mwenye imani hata tone linatosha, na nikifika nyumbani nibadilishe sindano. Padre ni mtu mwema, lakini ufundi ameusomea wapi?

Nikatoa pakiti ya chumvi niliyoibeba kutoka jikoni, nikamwomba aibariki. Akaibariki. Akasisitiza kwamba ile ni sala, si dawa. Nikaitikia naam, naam, huku naifunga vizuri.

Nyumbani nilimwaga mstari wa chumvi kizingitini. Medali ya Mtakatifu Benedikto kwenye droo. Tawi la Jumapili ya Matawi ukutani. Rozari nikalivisha gurudumu la cherehani, ili kila linapozunguka sala ziwe zinakwenda. Hapo nilijipongeza. Nani mwingine amewahi kusali rozari na kushona suruali kwa wakati mmoja, tena bila kufungua mdomo?

Mchana nikamwona Mama Pindo anakuja, kashika kitu kidogo mkononi. Akafika kizingitini, akaiona chumvi, akasita, akageuka, akarudi kwake. Nilitulia kabisa. Mtu akikimbia chumvi ya baraka unataka ushahidi gani mwingine?

Jumatano, 6 Mei

Rozari imemezwa. Nilikanyaga kwa nguvu, mkanda ukaidaka, ukaivuta, ikakatika. Shanga zimetapakaa chumba kizima. Nyingine zimeingia tumboni mwa cherehani na zinasikika. Mke wangu amepiga magoti kuokota zilizobaki, nikamwambia walau kwa njia hii leo amesali. Hakucheka.

Nimekaa nikafikiri. Mlango nimeufunga kwa chumvi, lakini kumbe jicho lilishaingia siku ya kwanza. Liko ndani ya chuma. Basi dawa ni kulifuata huko huko. Cherehani ina matundu ya kutilia mafuta. Nikakoroga chumvi ya baraka ndani ya maji ya baraka mpaka ikayeyuka, nikajaza kile kikopo cha mafuta, ambacho kwa bahati nzuri kilikuwa kitupu, nikalinywesha kila tundu mpaka likacheua. Katika mambo haya ubahili haufai.

Na ikaenda! Laini, kimya, uzi haukatiki. Nimelifumua gauni la harusi mshono kwa mshono, nimekata mbele, nyuma na mikono. Sasa haliwezi kurudi kuwa gauni la harusi hata tufanye nini. Mama Pindo alikuwa dirishani kwake, ameinama kazini, nikamtazama kwa huruma. Mtu akishashindwa hupaswi kumcheka.

Jioni nimekula sahani mbili.

Alhamisi, 7 Mei

Gurudumu haligeuki. Nimelivuta, nimelisukuma, nimeliombea, nimelikaripia. Wapi.

Nikamwita fundi wa kutengeneza mashine. Alipofungua, maji mekundu yakamchuruzikia magotini. Akauliza kama cherehani ilizama mtoni. Nikasema haikuzama. Akachovya kidole, akakilamba. Akasema yeye amekula chumvi nyingi katika kazi hii, lakini hajawahi kukutana na cherehani iliyokula chumvi nyingi kumshinda. Akachomoa na shanga, akaniwekea mezani bila kuuliza. Kutu imeingia kila mahali. Ameichukua yote akailoweke kwenye mafuta ya taa, na wiki hii nisiitegemee.

Nikamwambia mke wangu, unaziona sasa nguvu za yule mama. Alikuwa ameketi, vipande vya gauni lake amevipakata. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Baba Kitinda, shetani hatumii chumvi ya baraka." Akaongeza kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba Mama Pindo ana cherehani nzima na roho nzuri, nivuke barabara nikamwombe. Nikasema heri nishone kwa mkono.

Nimeshona kwa mkono. Vidole vimevimba na mshono umepinda kama njia ya mbuzi. Ilibidi niufumue.

Kitinda akaja akaangalia. Akasema si kitu baba, atavaa sare ya shule, Yesu anamjua. Nikatoka nje nikajifanya naangalia paa. Iliniuma sana. Afadhali angelia.

Ijumaa, 8 Mei

Nimekwenda kuungama. Nilipiga magoti nikasema kila kitu bila kuficha: Mama Pindo anavyosifu vitu vya watu, anavyovuka barabara, macho yake, kicheko chake, alivyoikimbia chumvi. Padre aliningoja nimalize. Kisha akasema za Mama Pindo ameshazisikia, sasa angependa kusikia zangu.

Nikafikiri. Nikasema labda yale maji nilichukua mengi kidogo.

Malipizi niliyopewa: nivuke barabara, nimsalimie Mama Pindo, nimwombe msaada. Nikajaribu kumshawishi Padre anibadilishie. Nikamwambia niko tayari kusali rozari nzima, hata mbili, kwa magoti. Akauliza kama hiyo rozari ninayo. Nusu yake iko kwenye mafuta ya taa.

Nimerudi nyumbani uso umenishuka. Mke wangu alikuwa ameshavikunja vipande vya gauni, amevifunga kwenye kitambaa safi, tayari kwa safari ya kuvuka barabara. Nadhani yeye na Padre wanashirikiana.

Jumamosi, 9 Mei

Malipizi ni malipizi. Lakini hakuna aliyesema niende bila silaha. Medali za nyumba nzima nimezijaza mifukoni. Skapulari shingoni, juu ya shati. Tawi ndani ya kofia. Kichupa cha maji ya baraka ndani ya soksi. Nikavuka barabara nikilia kama njuga.

Mama Pindo akafungua mlango, akanitazama kuanzia kofia mpaka soksi. Akasema, "Karibu baba, mbona umechelewa?"

Kumbe siku ile ya Jumatatu aliisikia cherehani yangu inalia kwa kukosa mafuta. Akaona haya kuniambia mbele ya wapita njia, ndiyo maana akaanza kwa kusifu. Kesho yake akaniletea kikopo cha mafuta. Akaikuta chumvi, akadhani napambana na sisimizi, akaona asije akaniharibia mstari wangu kwa miguu. Akarudi nacho.

Nikasema asante, na mara hii ilitoka moyoni.

Akanipisha kwenye kiti chake. Ukutani kuna picha ya Moyo Mtakatifu, ile ile tuliyo nayo sisi, na chini yake cherehani isiyo na medali, isiyo na tawi, isiyo na chochote. Kikopo cha mafuta tu. Nikajiuliza mtu huyu analalaje usingizi.

Tumefanya kazi kutwa. Yeye akabana mikono kwa pini, mimi nikashona. Mimi nikapiga pasi, yeye akafunga vifungo. Tulibishana juu ya kola, akanishinda, na kola imekaa vizuri, siwezi kukataa. Akatuletea chai. Alasiri mke wangu akaja na Kitinda kujaribisha. Mtoto akazunguka, gauni likazunguka naye. Mke wangu akaushika ule mkono wa gauni, ambao aliwahi kuuvaa yeye, akatabasamu kama siku ile aliyoniitikia ndiyo. Nimefurahi leo. Sina maneno mengine. Nimefurahi.

Pindo la chini nikamwomba Mama Pindo aniachie nilimalizie nyumbani kwa mkono. Akashangaa, akakubali. Nina mpango wangu.

Jumapili, 10 Mei

Medali nilizishonea ndani ya pindo. Zote. Mtoto anatembea mbele ya kanisa zima, ni macho mangapi hayo?

Sikufikiria habari ya sauti.

Watoto wakaingia kwa maandamano, Kitinda mbele kwa sababu ndiye mfupi. Kila hatua pindo linalia kama kengele ya altare. Mabibi wa benchi la kwanza, ambao masikio yao yamechoka lakini utii wao haujachoka, wakadhani tumefika mageuzo, pale mkate unapogeuzwa na kengele kulia, wakapiga magoti. Benchi la pili likawafuata. Kabla mtoto hajafika mbele, kanisa lote lilikuwa chini na misa haijaanza. Padre alinitafuta kwa macho mpaka akanipata. Nikajishughulisha na kitabu cha nyimbo.

Lakini Kitinda hakuona haya hata chembe. Alipokwisha kupokea, akarudi mahali pake, akanitazama, akalitikisa pindo kwa makusudi. Machozi yakanitoka, naandika hili kwa kuwa hakuna atakayesoma. Mke wangu akanipa leso. Akaninong'oneza kwamba sina akili hata kidogo, kisha akanishika mkono na hakuuachia mpaka misa ilipokwisha.

Jumatatu, 11 Mei

Nimeamka na moyo mweupe. Nilimkosea Mama Pindo. Hana jicho wala hila. Ni mtu mwema, na mtu mwema ndiye anayehitaji kulindwa.

Nimelifikiria vizuri. Jana nje ya kanisa kila mtu alimzunguka. Wakasifu gauni, wakasifu kola, wakasifu cherehani yake mpya. Nilitega sikio kwa makini. Hakuna hata mmoja aliyesema Mungu aibariki! Na cherehani yenyewe imekaa pale uchi, bila kinga yoyote.

Leo amekwenda kumjulia hali dada yake, atarudi kesho. Ametuachia ufunguo wa chumba chake cha kazi, maana sasa sisi ni ndugu. Mke wangu yuko sokoni. Galoni ina maji bado, pakiti ya chumvi haijaisha hata nusu, na kikopo chake cha mafuta nitakimwaga kwanza kisije kikachanganyika. Wema hauozi.

Tena mtu mzima hujifunza kutokana na makosa yake. Nimekaa nikajiuliza kwa unyofu kabisa yangu ilikwama kwa nini, na jibu nimelipata. Chumvi niliweka kidogo.