Kabini Yenye Barza

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Jémima amepiga simu kutoka Durban. Binti yangu mwema! Safari ya meli aliyotununulia, mama yake na mimi, bado ipo. Mama yake hayupo. Viza ipo, sanduku lipo. Nitakwenda peke yangu, na kitenge cha mama yake, Agnès, kile cha maua ya njano.

Imebaki kazi moja: kuchagua kabini. Ndivyo wanavyoita chumba cha kulala melini. Nimjibu kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo tutapewa kinachobaki. Amenitumia ramani. Nikaichapisha kwenye fotokopi ya sokoni, karatasi kubwa, nikaibandika sebuleni chini ya picha ya Agnès. Visanduku vidogo vidogo, kila kimoja na namba yake. Mpangilio wa kupendeza.

Nataka chenye balkoni, yaani barza ndogo ya kutazama maji. Agnès alisema nyumba isiyo na barza ni sanduku. Alikaa barzani kila jioni, kiti chake kushoto, akichambua sombe, majani ya mhogo, na kusalimia kila apitaye. Siku hizi wapitao wanatazama viatu vyao. Siwalaumu. Mjane mwanamume hana la kusalimiwa.

Betri ya simu yangu imechoka, bila waya simu inazima. Na umeme hatuna tangu Pasaka, ilipoungua kabini ya avenue, yaani ya mtaa wetu, ile nyumba ya chuma ya transfoma. Nikaenda kuchaji kwenye baa ya Tata Tshibangu, mchoma michopo, yaani nyama choma, mwenye jenereta. Mtu mgumu. Hajawahi kumchajia mtu bure, hata padri. Jémima akapiga tena nikiwa pale. Mtandao mbaya. Nikapaza sauti: mimi ndiye ninayechagua kabini! Iwe kushoto, katikati, mbali na kelele!

Baa nzima ikanigeukia. Tshibangu akaniletea sahani ya mbuzi, akakataa malipo. "Kula tu, tata. Bakubwa habalipe." Ajabu! Huenda ameokoka.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Mama Jocelyne ameingia na sufuria ya samaki wa moshi. Ni jirani yangu wa kulia, anauza samaki sokoni. Hakuwa amevuka kizingiti changu tangu matanga yaishe.

Akaiona ramani. Akaisogelea, akatembeza kidole juu ya visanduku. Akauliza parcelle yake, kiwanja chake, ni ipi. Nikasema, parcelle? Akasema nisijifanye mjinga, avenue nzima inajua kwamba kabini mpya inakuja kwa lori kutoka Lubumbashi, na kwamba mimi ndiye niliyepewa kuchagua mahali pake. Ya zamani ilinguruma kama mzinga wa nyuki, ikaua mbuzi wake mwenye mimba. "Tata Nkulu, ukiniwekea kabini ku mulango, mi nakufa. Na utanizika weye mwenyewe, na suti."

Mimi! Niliyemaliza kazi yangu nikiandika namba za mabehewa stesheni ya Mutshatsha!

Nikafungua kinywa nimweleze. Harufu ya samaki ikawahi kuingia. Nikasema: bado sijachagua.

Si uongo. Sijachagua kweli.

Akakaa barzani mpaka jua likapoa. Akakiangalia kiti cha Agnès, akakipita, akavuta kibao cha kukalia. Nimeliona hilo. Nimelishukuru.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Nimepata mpango. Kunyamaza mpaka Ijumaa, basi. Nani ataumia? Hakuna.

Tshibangu amekuja na michopo na bia ya baridi. Amesimama mbele ya ramani kama mtu aliye mbele ya altare. Parcelle yake ni 214. Akaitafuta 214, akaipata! Akaniuliza hapo pakoje. Nikasema ukweli mtupu: hapo pana kelele sana, ni jirani na ukumbi wa dansi. Akapiga makofi. "Njo pale! Kelele njo biashara yenyewe!" Anataka kabini imkae ubavuni, friji zake zipate nguvu. Nikasema bado sijachagua. Akaenda, akarudi na waya mrefu, akauvuta kutoka jenereta yake mpaka sebuleni kwangu, ili nifanye kazi yangu vizuri.

Balbu inawaka! Uso wa Agnès ukutani umepata rangi.

Basi nimefanya kazi yangu vizuri. Nimesoma kila alichotuma Jémima. Kumbe balkoni si balkoni tu. Kuna kabini za ndani, hazina hata dirisha. Kuna zenye balkoni lakini mbele yake wametundika mashua za kuokolea watu, unakaa safari nzima ukitazama tumbo la mashua. Za mbele zinaruka na mawimbi. Za nyuma zinatetemeka kwa mashine. Za chini ya jiko zinaamshwa na masufuria.

Agnès angejua mara moja. Kwenye treni ya Dilolo, mimi bado nahangaika na mizigo, yeye alikuwa ameshatembea behewa zima. Katikati. Si juu ya magurudumu. Si karibu na choo. Na kushoto, kwa sababu pale Kasaji wauza ndizi hujia upande huo. Alinipa mimi dirisha, kisha akanilalia begani ili aone yeye. Mkono wangu ulikufa ganzi mpaka Kolwezi. Sikuuondoa.

Nimeipata: namba 508. Kushoto, katikati, barza wazi, hakuna mashua. Kidole kilikuwa tayari juu ya simu.

Halafu nikafikiri. Nikishachagua, nitasemaje kwamba bado sijachagua? Na Mama Jocelyne ameahidi bukari, ugali wetu, na sombe kesho. Ijumaa si leo.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Barza imejaa! Nimetoa viti vyote vya nyumba; cha Agnès tu hakikaliwi. Watu wamekalia ndoo. Watu wamekalia ukingo. Kila mmoja ana lake kuhusu kabini. Mmoja ameleta munkoyo, kinywaji cha mahindi, mwingine karanga. Mtu aliyekuwa anatazama viatu vyake tangu msiba amenishika mkono akaniuliza nimelalaje.

Tshibangu na Mama Jocelyne wamegombana mbele yangu. Mama alisema Tshibangu anataka kuchoma avenue yote kama mbuzi wake. Tshibangu akasema, "Mama, samaki yako iko na moshi tayari, kabini itaikausha bure!" Mama akamwambia mbuzi wake huwa wanabweka. Barza nzima ikaanguka kwa kicheko. Mimi pia. Nilicheka mpaka nikashika nguzo.

Kisha nikakumbuka. Nilikuwa sijacheka tangu tumzike. Nikatazama ndani, picha ipo mahali pake. Agnès alipenda ugomvi usiomhusu. Nadhani hakukasirika.

Alasiri akaja Tata Ngeleka, chifu wa avenue, na koti lake la mikutano. Amechukia. Kabini inachaguliwaje bila chifu? Ameitisha mkutano kesho, hapa hapa barzani, na ramani iletwe.

Asubuhi nilimwuliza Jémima kuhusu 508. Ameandika: baba, bado ipo, lakini wengine wanaiangalia, nithibitishe? Nimemjibu: subiri kidogo, mama.

Mpango ni huu. Kesho nitasema kabini iwekwe kwenye uwanja mtupu karibu na kisima. Mbali na Mama Jocelyne, si mbali na Tshibangu. Wote watafurahi. Nitashangiliwa. Kisha nitaingia ndani, nitabonyeza 508. Hii ndiyo inayoitwa akili!

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Aibu. Aibu kubwa.

Mkutano ulianza vizuri, kwa sala. Nikaiegemeza ramani kwenye kiti cha Agnès (nisamehe, Agnès, hakukuwa na kingine). Nikainua fimbo ya fagio niwaonyeshe uwanja wa kisima.

Ngeleka akavaa miwani. Akainama. Akauliza hii duara ya bluu ni nini. Nikasema ni maji. Akauliza maji gani. Nikasema, ya kuogelea. Watu wakatazamana. Mmoja akasema kwa heshima kwamba hajaona piscine katika avenue yetu, labda iko nyuma ya kanisa.

Ngeleka akafuata mstari kwa kidole mpaka mwisho wa karatasi, pale meli inapochongoka. Akavua miwani. "Tata Nkulu. Mi niko chifu hapa miaka mingi. Tangu lini avenue yetu iko na pua?"

Nikawaambia. Yote. Meli, Durban, Agnès, barza ndogo juu ya maji. Nikasema sikudanganya mtu, nilisema tu sijachagua. Hiyo ilikuwa kweli. Ilisikika vibaya sana.

Tshibangu akauliza: "Kwa hiyo 214 yangu iko mu maji?" Wengine walicheka, yeye hakucheka. Akashuka ngazi, akavuta waya wake wote, akiukunja mkononi kama kamba ya mbuzi. Balbu ikazima. Simu ikazima. Mama Jocelyne akainuka. Aliingia jikoni, akachukua sufuria yake. Bado ilikuwa na sombe. Afadhali angenitukana.

Nikakumbuka 508!

Nikakimbia na simu hadi kwa wanunuzi wa madini, ng'ambo ya barabara ya malori, wana jenereta kubwa. Vijana wa kuchimba walikuwa wamepanga foleni kuchaji tochi zao za kichwani. Niliwaambia nina haraka, nina kabini ya kuchagua. Mmoja akasema, "Papa, sisi tunaingia chini ya udongo. Weye unaingia wapi?" Nikapanga mstari.

Simu ilipowaka, Jémima alikuwa ameandika mara nyingi. 508 imechukuliwa. Zote za balkoni zimechukuliwa. Imebaki ya ndani, bila dirisha, karibu na lifti. Amelazimika kuikubali.

Nikampigia. Hakugomba. Alisema tu: "Nilikusubiri, baba."

Sauti ya mama yake kabisa.

Jumamosi, tarehe 9 Mei

Lori la Lubumbashi limefika asubuhi. Kabini halisi! Ya chuma, kijivu, na fuvu jekundu la hatari mlangoni. Mafundi wakauliza iwekwe wapi. Tshibangu akasema kwake. Mama Jocelyne akasema popote, si kwake. Kelele zikaanza upya. Fundi mkubwa akasema wakikosa mahali kabla ya saa sita anaipeleka avenue nyingine.

Ngeleka akainua mkono. Akasema avenue hii ina mtu mmoja anayependa kabini kuliko wote. Alikwisha kusema mwenyewe, baa nzima ikasikia, anaitaka wapi. Kushoto.

Wameiweka mbele ya barza yangu. Upande wa kushoto.

Nilijaribu kupinga. Nilisema mbali na kelele, nilisema hilo pia! Walicheka sana. Tshibangu akanipigia saluti. "Kapiteni! Kabini yako, na barza yake!"

Alasiri umeme umerudi. Avenue nzima imepiga vigelegele. Kwangu unawaka kuliko kwa wote. Nimekaa kwenye kibao kando ya kiti cha Agnès. Kutoka pale alikuwa anaona barabara mpaka kona, na mlima wa mawe ya mgodi unapogeuka zambarau jioni. Sasa kiti kinatazama ukuta wa chuma na fuvu. Kabini inanguruma. Kweli kama nyuki, Mama Jocelyne hakutia chumvi.

Ningebonyeza Jumatano. Kidole kilikuwa juu ya simu kabisa. Ningebonyeza, ningekula michopo ya kulipia, ningekuwa na maji ya kumwonyesha.

Nimekigeuza kiti kidogo. Ukiinama, kona inaonekana.

Jumapili, tarehe 10 Mei

Nimetoka misani, nimeapa. Ukweli tangu leo. Mapema, wazi, bila sufuria ya mtu.

Mchana Mama Jocelyne amekuja kuchaji simu. Kwangu inajaa upesi, kabini iko karibu. Hakunitazama. Alikaa kwenye kibao. Akasema kiti cha marehemu kimegeuzwa. Nikasema ndiyo, ili aone kona. Akatikisa kichwa polepole. Akasema Agnès alimwambia zamani habari za meli hiyo, mara nyingi, mpaka samaki wakaungua.

Kisha akauliza, akitazama fuvu: hiyo kabini isiyo na dirisha, ina vitanda vingapi?

Nikasema viwili.

Akauliza cha pili ni cha nani.

Ni cha Agnès. Hilo nimeliamua tangu siku ya kwanza. Kitenge cha maua ya njano kitatandikwa pale, na hakuna mtu atakayekilalia. Jémima anajua. Mungu anajua. Nikafungua kinywa nimwambie.

Wakati huo Tshibangu alikuwa amesimama kwenye ngazi, na chaja mkononi na sahani iliyofunikwa. Alikuwa amesikia. Nyuma yake wawili watatu zaidi walikuwa wanavuta ndoo wakae. Barza ilikuwa inajaa tena.

Nikasema bado sijachagua.