Dirisha la Dharura

Jamani, leo nimeumbuka mchana kweupe, tena mbele ya mama mkwe!

Msicheke kwanza. Geuzeni nyama hiyo, niwaeleze.

Si mnajua nyumba ya jirani yetu pale Buzuruga iliungua juzi? Jiko la mafuta ya taa. Watu walitoka salama, lakini habari ikafika Ukerewe kwa wakwe zangu. Jana mama mkwe huyo, kaingia na kikapu chake. "Nimemfuata mjukuu wangu. Nyumba yenu ina nondo kila dirisha kama mahabusu. Moto ukiwaka, mtoto anatokea wapi?"

Kweli nondo ninazo. Tangu biashara ya sangara initoe nimenunua televisheni na redio kubwa, na wezi wa mjini mnawajua. Lakini Kabula ndiye mtoto wangu wa pekee. Aende Ukerewe, mimi nibaki nakumbatia televisheni? Nikasema, "Mama, nimejiandaa. Nondo za dirisha la chumbani zina mlango wa dharura. Kesho nitakuonyesha."

Na upo kweli. Fundi wa kuchomelea aliponiuliza upana, nilimpa suruali yangu apimie. (Ile ya enzi za shirika, kabla hatujapunguzwa kazi. Siku hizi nikiivaa inakwamia magotini, lakini mtu ana heshima yake.) Fundi akanitazama tumbo, akapimia suruali ile ile. Mshenzi yule!

Leo asubuhi nikampa mama mkwe kigoda, akakaa uani ashuhudie. Nikapuliza filimbi. "Moto! Moto!" Kabula akapita, pu! Mama Kabula akapita. Mama mkwe akaanza kutabasamu. Nami nikapanda, nikatanguliza miguu. (Nani alinituma?)

Mapaja yakapita. Makalio yakapita kwa shida. Tumbo likagoma. Nikajaribu kurudi ndani, makalio nayo yakagoma. Hapo suruali niliyovaa ikasema chwaa! Upande wa mama mkwe.

"Yesu wangu!" Akajifunika kanga usoni. "Mkwe, ndiyo uliyoniitia haya?"

"Shikamoo mama," nikajibu kutoka ndani. (Ningesema nini?)

Mama Kabula alicheka mpaka akakaa chini. Majirani wakajaa. Mmoja anataka msumeno, mwingine anataka aitwe mpiga picha. Kabula, mwanangu wa kumzaa, akauliza, "Baba, moto ukiwaka kweli, wewe tutakuacha?"

Mama yake ndiyo kwanza akazidi kucheka. Mama mzazi!

Aliyeniokoa ni mama mkwe, uso bado umefunikwa. "Mpakeni mafuta ya kula!" Wakaingia ndani, wakanimwagia nusu dumu tumboni, wengine wakanivuta miguu huko nje. Nikatoka nanukia kama sangara wa kukaanga.

Mchana Kabula akafungiwa nguo zake. Niliumia, jamani. Nikaomba, "Mama, fundi naenda kumwita sasa hivi, aupanue ule mlango!"

"Ataupanua, nawe utakula tena," akasema. "Ukipungua, njoo Ukerewe umchukue."

Basi mishikaki yangu gawaneni, mimi nataka mwanangu. Na wewe unayecheka huku unatafuna, simama kwanza tukupime.