Bustani ya Mvua Chini ya Dirisha la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Maji yameingia tena chumbani kwa mama mkwe. Mara ya tatu mwaka huu! Yanatoka kwenye bomba la paa, yanateremka uani, yanapita chini ya mlango wake bila hodi. Kandambili zake zimekutwa zikielea. Mwenyewe alikaa kitandani, miguu juu, akanitazama kwa upole. Bora angenitukana.

Mke wangu hakuwa na upole wowote. Kasema yakiingia mara ya nne anampeleka mama yake kwa kaka yake, na yeye anabaki hukohuko kumtunza, na tarehe ya kurudi hana. Nikacheka. Hakucheka. Huyo kaka, shemeji yangu, ana nyumba ya ghorofa na hachoki kuitaja.

Siwezi kuishi bila mke wangu. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Redio inasema mvua kubwa Jumamosi.

Jumanne, 4 Machi

Suluhisho limeingia lenyewe kwenye duka langu la fotokopi! Sista, nesi mstaafu, jirani yetu wa upande wa juu wa mteremko, kaja na kipeperushi cha kurasa mbili. Anataka nakala thelathini za kikundi chake cha bustani. Nikasoma huku mashine inajikokota. Bustani ya mvua: shimo la kina kifupi, pana, linalopokea maji ya paa na kuyanywa taratibu. Humo unapanda maua ya kulisha nyuki na vipepeo. Shimo moja, kazi mbili. Sista analo la kwake, na uani kwake sijaona dimbwi hata siku moja.

Akaniuliza kama nami ningependa nakala. Nikamjibu kazi hiyo naijua siku nyingi. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mdomo ulitangulia.

Alipoondoka nikatoa nakala yangu mwenyewe. Ukurasa wa kwanza safi, una picha ya nyuki. Wa pili ulikwama, ukatoka mweusi kama chungu. Si kitu. Picha ninayo.

Jumatano, 5 Machi

Nimechimba. Udongo mfinyanzi, mgongo umekatika. Mke wangu akatoka na kikombe cha chai, akasema nimuulize Sista, kuuliza si ujinga. Nikamkumbusha kwamba miaka kumi na tisa natoa fotokopi. Vyeti vya watu, hati za nyumba, mitihani ya shule nzima. Nani amewahi kurudi akisema nimekosea? Akaingia ndani na chai yake.

Basi nikapanda juu ya ndoo, nikachungulia bustani ya Sista. Iko mwisho wa uwanja wake, inapakana na wigo wetu. Na kando ya wigo kuna ukingo wa udongo, mrefu, umeshindiliwa vizuri. Nami nikaweka wangu kando ya wigo huohuo, upande wangu, nikaushindilia kwa miguu na kwa hasira. Shimo likakaa kati ya ukingo na dirisha la mama mkwe, ili naye aone vipepeo.

Fotokopi safi kabisa.

Alhamisi, 6 Machi

Nyuki hawaji. Wote wako kwa Sista! Nimesimama saa nzima, nimeona nzi mmoja, naye alikuwa safarini.

Mpango: Sista alipokwenda kwenye kikundi chake niliruka wigo nikang'oa miche kumi na minne. Ile yenye maua makubwa tu. Nikaipanda kwa kufuata rangi. Halafu, kuwavuta nyuki haraka, nikamwaga maji ya sukari juu ya kila ua.

Saa kumi jioni wamekuja sisimizi. Ukoo mzima. Wamepanda ukutani, wameingia kwa dirisha la mama mkwe. Mke wangu akanitazama bila kupepesa. Mama mkwe akasema tuwaache, ni sisimizi wenye adabu, wanafuata foleni.

Ijumaa, 7 Machi

Mawingu mazito tangu asubuhi. Nimeunganisha bomba la paa hadi shimoni. Nikajaribu na ndoo tano. Saa sita maji yapo. Saa kumi yapo. Mke wangu akauliza. Nikamwambia shimo linakunywa kistaarabu.

Sista akatokea wigoni. Aliiangalia miche yake kwa muda mrefu, halafu akaanza kusema kuhusu ule ukingo wangu. Nikamkatiza, nikadai mteja ananisubiri dukani. Hapakuwa na mteja. Nikakaa dukani peke yangu.

Mke wangu ameshusha begi kutoka juu ya kabati. Kasema analifuta vumbi tu.

Jumamosi, 8 Machi

Saa tisa alasiri mvua ikashuka. Bomba likanguruma, shimo likaanza kujaa, nikapiga makofi! Nikamwita mke wangu aje aone. Akaja. Likajaa hadi mdomoni. Kisha maji yakatafuta njia. Upande wa wigo kulikuwa na ukingo wangu, imara kama ukuta. Upande wa nyumba hapakuwa na kitu.

Yakaja yote kwa mpigo. Na matope. Na maua. Na sisimizi.

Chumbani kwa mama mkwe siingii, ni heshima. Kwa hiyo nilisimama mlangoni nimegeuza uso, napokea mabeseni kwa mkono wa nyuma, na nusu ya kila beseni inaingia viatuni mwangu. Godoro limelowa. Picha ya marehemu baba mkwe imelowa. Hiyo ndiyo iliyomtoa mama mkwe machozi, nami nikatamani ardhi inimeze. Isingeweza. Ilikuwa imejaa.

Sista akaja na koti la mvua na jembe, akakata mfereji pembeni kuelekea barabarani. Mama mkwe akamshikia mwavuli.

Gari la shemeji lilifika saa kumi na moja. Mke wangu akaketi nyuma na mama yake. Nilipunga mkono. Hakugeuka.

Jumapili, 9 Machi

Nyumba kimya. Nimelia jikoni. Kidogo.

Sista kaja na wanawake wawili wa kikundi chake. Wamechanganya mchanga na mboji shimoni, wamehamisha ukingo upande wa nyumba, wameuachia mdomo wa kutolea maji yakizidi. Mimea inayovumilia kulowa wameiweka chini, isiyopenda maji wameipandisha ukingoni. Kuhusu miche, alisema ningeomba angenipa kwa mikono miwili. Nikajifanya nakohoa.

Akaeleza kirefu mambo ya mteremko: maji yanateremka, kwa hiyo ukingo unawekwa chini yanakoelekea, na kila uwanja una mteremko wake. Nimefupisha: ukingo ukae upande wa nyumba.

Jumamosi, 15 Machi

Ushindi! Mvua mbili wiki hii, na kila mara shimo limekauka kesho yake. Nyuki saba. Vipepeo wawili, mmoja wa manjano.

Mke wangu kapiga simu. Nilipoisikia sauti yake nilikaa chini. Mama amepakumbuka nyumbani, wanarudi leo alasiri, kwa sharti moja: nisishike jembe bila kumuuliza Sista kwanza. Nimeapa.

Sijashika jembe. Nimetumia koleo. Nilitaka mama mkwe akute bustani ya pili, mbele ya nyumba, kubwa mara mbili ya ile. Bomba la paa la mbele linamwaga humo. Ukingo nimeuweka upande wa nyumba, kama nilivyofundishwa. Na kwa kuwa mbele ardhi inateremkia barabarani, hadi kwenye kibanda cha fundi cherehani wa ng'ambo, sisi hatuna hatari yoyote.

Mvua imeanza saa nane. Saa tisa shimo limejaa. Sasa fundi cherehani yuko juu ya meza yake na shela ya bibi harusi kichwani, anapiga kelele. Gari la shemeji limefika, limesimama katikati ya maji. Mama mkwe kashusha kioo, katazama, kapandisha. Mke wangu ameshika mlango lakini hajashuka. Injini haijazimwa.

Nachukua mwavuli, natoka kuwaeleza. Safari hii mwenye makosa ni mteremko.